Kutu Kwenye Injini Mpya

Kila akitoka shuleni, Asih alipeleka birika la chai ya asumini kwenye karakana ya baba yake, Mzee Tarmidi. Katika mtaa ule wa mji wa Tegal karakana zimepangana ukuta kwa ukuta, na milango haifungwi mchana. Siku hiyo mlango wa baba yake ulikuwa umefungwa. Asih akausukuma taratibu. Baba alikuwa ameinamia mashine ya kupura mpunga, akikwangua injini kwa tupa.

"Unafuta nini, Baba?"

Mzee Tarmidi akashtuka. "Kutu. Weka chai, nenda kasome."

Kutu! Injini yenyewe ilikuwa mpya, imetolewa kwenye sanduku jana tu. Wilaya ilitaka mashine kumi, na serikali ilikuwa imeagiza kwamba zilizoundwa nchini zinunuliwe kwanza. Zikikataliwa, mafundi sita wa karakana ile wangekaa bila kazi. Asih akaondoka na mawazo. Baba huyu huyu alimkaripia mwaka jana kwa kunakili hesabu za mwenzake. Sasa alikuwa anaficha nini?

Kesho yake, Asih akiwa anamimina chai, akaja mkaguzi wa wilaya, Mama Hartini, mtu asiyetabasamu ovyo. Akaipapasa injini, kidole kikasimama pale palipokwanguliwa.

"Hapa palikuwa na nini, Mzee?"

"Kutu tu, Mama."

"Lakini Baba, injini mpya ina kutu?" Maneno yalimtoka Asih kabla hajajizuia.

Mzee Tarmidi akainamisha kichwa. "Ni jina la kiwanda cha ng'ambo. Injini nimenunua. Mengine yote tumeunda wenyewe. Niliogopa mtazikataa."

"Ala! Nani kakwambia kila parafujo lazima izaliwe Tegal?" Mama Hartini akafoka. "Sehemu kubwa iwe ya hapa, na cha nje kiandikwe. Ungeandika, ungepita. Sasa hata fremu yako naitilia shaka. Fungueni zote kumi, nione kipande kwa kipande."

Mafundi walifungua na kufunga siku mbili nzima, wakinung'unika. Mashine zikapita.

Asih alingoja kukaripiwa. Badala yake baba alimshikisha kopo la rangi, akaliandika upya kwa brashi lile jina alilolifuta.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Kazi yetu ilikuwa safi, mwanangu. Uongo wangu ndio ulioiponza. Siku ukinikuta tena nimefunga mlango mchana, gonga kwa nguvu."