Mkasi Unaobana Vidole

Mume na mke walifanya kazi katika chumba kimoja. Kilikuwa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Cherehani ya mke ilikaa dirishani, kwenye mwanga. Meza ya mume ilikaa karibu na mlango, imejaa skrubu, nyaya na vyombo vya watu vilivyoharibika. Katikati palikuwa na njia nyembamba ya wateja. Siku hizi njia hiyo ilizidi kuwa nyembamba, kwa sababu mke alikuwa na mimba ya miezi minane, na tumbo lilitangulia kufika kila alikokwenda.

Mume alitengeneza vitu vidogo: majiko, redio, pasi, miavuli, viti vilivyovunjika miguu. Watu wa mtaani walimpa jina la Bwana Tengeneza. Ukimpelekea kitu, hata kiwe kimekufa kabisa, alikigeuzageuza, akakigonga kidogo, akasema, "Kitatengenezeka." Na kweli, mara nyingi kilitengenezeka. Sifa zilimwingia kichwani kidogo. Mimi simlaumu. Nani asiyependa kusifiwa?

Mkewe alikuwa mshonaji. Wiki hizo shule zilikaribia kufunguliwa, na sare za watoto zilirundikana pembeni mwake mpaka zikamfika begani. Siku yake ya kliniki ilifika, ikapita.

"Nitakwenda wiki ijayo," alisema. "Nikiziacha hizi, watoto wa watu watakwenda shule na nguo za nyumbani."

Asubuhi moja alishika mkasi, akajaribu kuingiza vidole. Havikuingia.

"Mkasi huu umekuwa mdogo," alisema.

"Lete nione," mume akamjibu. Aliupasha moto mpini wa plastiki, akayapanua matundu, akaupoza kwenye maji. "Haya, jaribu sasa."

Vidole viliingia. Mke akacheka, akaendelea kukata.

Siku iliyofuata alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alijaribu, akakosa, akajaribu tena.

"Naona vimulimuli," alisema. "Macho yananichezea."

"Si macho, ni taa hiyo imechoka," mume alisema. Akapanda juu ya kiti, akaweka taa nyingine yenye mwanga mkali.

Kisha mke akalalamika kwamba kichwa kinamgonga, kinaanzia mbele hadi nyuma. Mume alisikiliza cherehani, akasema ni kelele zake. Akaitia mafuta, akakaza vyuma vilivyolegea, mpaka ikawa inashona kimyakimya. Miguu ilipovimba, alimtengenezea kigoda cha kuikanyagia. Kila kitu alikifanya kwa mapenzi. Hilo lazima liandikwe, maana kuna waume ambao hata taa wasingebadilisha.

Shangazi yake mume alikuwa akija kuwapikia mchana. Naye alikuwa na lake la kusema.

"Mimba ya kwanza ndivyo ilivyo," alisema. "Tazama uso ulivyojaa. Mtoto mwenye afya huyo. Sisi tulizaa bila kupimwapimwa, na mpo hapa mnatusumbua."

Basi mke alinyamaza. Mtu akishaambiwa kwamba maumivu yake ni ya kawaida, huona haya kuyataja tena.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, aliingia jirani yao ambaye alikuwa mkunga katika hospitali. Wote walimwita Mama Mkunga. Zipu ya sare yake ya kazi ilikuwa imekatika, na alitaka ibadilishwe.

"Mdogo wangu, hujambo? Naona umejaa," alisema.

"Sijambo, dada. Kaa."

Mama Mkunga akaketi. Bwana Tengeneza hakuweza kujizuia. Alimwonyesha kitanda cha mtoto alichokiunda kwa mbao za makabati ya zamani, kimepigwa msasa mpaka kikateleza. Kisha akaanza kujisifu.

"Shemeji, mke wangu hana shida hapa. Mkasi ulimbana vidole, nikaupanua. Taa ilimsumbua macho, nikaibadilisha. Cherehani ilimpa maumivu ya kichwa, nikaitia mafuta."

Mama Mkunga hakumngoja amalize. Aliinuka, akaenda dirishani, akaushika mkono wa mke na kuutazama.

"Pete yako iko wapi?"

"Niliivua. Ilikuwa inaniumiza."

"Kichwa kimeanza lini?"

"Siku kadhaa sasa."

"Ukinywa dawa ya maumivu kinaacha?"

"Kinapungua kidogo, halafu kinarudi vilevile."

"Na hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu?"

Mke alisita. Alimtazama shangazi, aliyekuwa ameshafika kupika, kisha akasema taratibu, "Tangu jana panauma. Nilidhani ni chakula."

"Na mtoto anacheza?"

"Anacheza."

Mama Mkunga alimgeukia mume. "Shemeji, umetengeneza kila kitu kwenye chumba hiki. Kilichoharibika hakikuwa kwenye vyombo."

Bwana Tengeneza aliweka bisibisi mezani.

Mama Mkunga alikwenda kwake, akarudi na kipimo cha presha. Alimfunga mke mkononi, akapima, akasubiri, akapima tena. Hakubadili sauti.

"Presha imepanda sana," alisema. "Tunakwenda hospitali. Si kesho, si jioni. Sasa hivi."

"Lakini uchungu haujaanza," shangazi alisema. "Wakimwona atarudishwa."

"Shangazi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ni ugonjwa wa presha ya mimba. Miguu kuvimba peke yake huwapata wajawazito wengi. Lakini uso na mikono ikivimba ghafla, kichwa kikakataa kutulia, macho yakaona vimulimuli, na maumivu yakaja chini ya mbavu, hapo hatungoji. Hata dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka kupimwa. Presha hii ikiachwa, mama anaweza kushikwa na degedege. Ndicho kifafa cha mimba. Kinaua mama, na kinaua mtoto."

Shangazi alikaa chini. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alilolijua, na sasa alijua kwamba halikutosha.

"Mfuko uko wapi?" Mama Mkunga aliuliza.

"Mfuko gani?"

"Wa kwendea kujifungua. Na gari mmezungumza na nani?"

Mume na mke walitazamana. Kitanda kilikuwepo, kizuri kuliko vyote mtaani. Mfuko haukuwepo. Gari halikuwepo. Hawakuwa wamezungumza hata siku moja ni nani atakayefuatana naye.

"Nilidhani bado tuna muda," mume alisema.

Alitoka mbio. Gari la kwanza alilolijaribu halikuwa na mtu. La pili lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, halina magurudumu. Aliogopa. Alikuwa hajawahi kuogopa hivyo maishani mwake. Mwishowe alimkuta jirani anayesambaza mikate akipakia gari lake.

"Ndugu yangu, mke wangu ni mgonjwa. Nisaidie."

Yule bwana hakuuliza swali. Alishusha makreti ya mikate pembezoni mwa barabara, akawaachia wanunuzi wajichukulie wenyewe. Mke alilazwa kwa ubavu wa kushoto kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Mama Mkunga. Shangazi alijibana mbele, ameshika kadi ya kliniki.

"Dada, nitapona?" mke aliuliza njiani.

"Tumewahi, mdogo wangu. Ninafurahi kwamba tumewahi. Ukiona chochote kinabadilika, niambie palepale. Usione haya."

Hospitalini walimpokea bila kumpanga foleni. Walipima presha, wakapima mkojo, wakasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Daktari alisema ugonjwa ni ule ule aliousema mkunga. Walimpa dawa ya kushusha presha, na sindano ya kuzuia degedege. Kisha daktari akawaeleza wazi: watamwangalia kwa karibu, na hali ikihitaji, watamwanzishia uchungu kabla ya wakati wake, kwa sababu tiba yenyewe ya ugonjwa huu ni mtoto kuzaliwa.

Bwana Tengeneza alisimama ukumbini, hajui mikono aiweke wapi.

"Niambie cha kutengeneza," alimwambia Mama Mkunga.

"Hakuna cha kutengeneza, shemeji. Kuna cha kuandaa. Ulitakiwa uwe umeandaa mwezi uliopita, lakini nisikuseme sana, umeshajisema mwenyewe. Nenda nyumbani. Leta kanga safi, zile zilizolainika kwa kufuliwa. Leta pamba au pedi za mama. Leta nguo za mtoto, na kofia, na soksi, na kitu cha kumfunika. Mtoto akiwahi kuzaliwa hupata baridi upesi. Sabuni usisahau."

"Na kitanda?"

Mama Mkunga alimtazama. "Kitanda kiache kilipo."

Mwenye gari la mikate, aliyekuwa bado amesimama pale, alicheka. Bwana Tengeneza naye akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Hakuyafuta.

"Jambo lingine," Mama Mkunga aliendelea. "Mama anapojifungua anaweza kupoteza damu nyingi. Ni vizuri watu wa kuchangia wajulikane mapema. Uliza maabara wakupime."

"Nitapimwa mimi," mume alisema.

"Na mimi pia," akasema mwenye gari la mikate. "Ila sindano ziwe ndogo."

Shangazi alibaki na mgonjwa. Alimkanda mgongo, akamnywesha maji, na kila mara alimuuliza kuhusu kichwa, na macho, na mbavu. Alirudia maswali yale yale mpaka mke akachoka kuyajibu.

"Shangazi, umekuwa mkunga sasa."

"Acha nijifunze. Kuishi kwingi ni kuona mengi."

Presha ilishuka kidogo, kisha ikagoma kushuka zaidi. Madaktari wakaanzisha uchungu. Ulikuwa mrefu, na mke aliumia sana. Mume aliporudi na mfuko, aliruhusiwa kuingia. Alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza aliona vizuri jinsi vidole vilivyovimba. Alikuwa amevitazama wiki nzima, akaona mkasi tu. Alimwomba msamaha. Mke alimwambia anyamaze, aushike mkono vizuri.

Mtoto alizaliwa kesho yake mchana. Alikuwa msichana, mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Alilia kwa sauti ambayo haikulingana na mwili wake. Walimkausha, wakamvika kofia, wakamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto.

"Mtoto ni mzima," mkunga wa zamu alisema. "Na mama tuko naye."

Kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani, Mama Mkunga alikuja kuwaaga akiwa kazini. Alikuwa bado amebana sare yake kwa pini, maana zipu ilikuwa bado haijashonwa.

"Nisikilizeni wote watatu," alisema. "Wengi hudhani mtoto akitoka, hatari imetoka naye. Siyo. Presha hii inaweza kurudi katika wiki hizi za kwanza baada ya uzazi. Dawa asiache hata akijisikia vizuri. Siku ya kupimwa asikose, hata sare zirundikane mpaka darini. Na zile dalili ni zile zile."

Safari hii walijiandaa. Mwenye gari la mikate aliwapa namba yake ya simu na ya ndugu yake, endapo yeye atakuwa mbali. Shangazi alihamia kwao. Kadi na dawa viliwekwa kwenye mfuko mmoja, mfuko ukatundikwa mahali ambapo kila mtu anaufikia. Sare zilizobaki zilipewa mshonaji mwingine. Watoto wa watu walikwenda shule wamevaa vizuri tu.

Juma moja likapita. Mke alikuwa amekaa akimnyonyesha mtoto. Mume alikuwa mezani kwake, amefungua redio ya mteja, na mwenye redio amesimama pale akisubiri.

"Baba," mke aliita. Alikuwa ameanza kumwita hivyo. "Kichwa kimeanza tena."

Bwana Tengeneza aliinuka. "Macho?"

"Yana ukungu kidogo."

"Shangazi, mchukue mtoto. Twende."

"Na redio yangu je?" mteja aliuliza.

"Redio itasubiri, kaka. Ndiyo sifa ya redio."

Gari lilifika, likinuka mikate. Hospitalini alikuwepo nesi kijana ambaye hawakuwahi kumwona. Alipima presha, ikawa imepanda. Alimwita daktari, dawa ikabadilishwa, na wakaambiwa mama apumzike pale mpaka itulie. Kufikia alasiri ilikuwa imeshuka. Kichwa kiliacha. Mtoto alinyonya, akalala.

Nesi alirudi kupima mara ya mwisho. Aliandika kwenye kadi, akatabasamu.

"Mngekaa nyumbani hadi kesho, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema. "Mmewahi vizuri. Nani aliwaambia mje?"

Mke alimtazama mume wake, kisha shangazi, aliyekuwa amempakata mtoto.

"Hakuna aliyetuambia," alisema. "Tumekuja wenyewe."