Mstari Usiochimbwa

Asubuhi ile Kija alikuwa uani akiosha mihogo. Ilikuwa mihogo michanga, laini. Akina mama wa soko la Mkuyuni waliigombania. Mume wake, Machibya, alikuwa akifunga gunia nyuma ya baiskeli. Mdomo wake, kama kawaida, haukupumzika.

"Leo usiwape bei ya undugu. Undugu hauzibi pancha."

"Wewe endesha baiskeli. Bei niachie mimi."

Shamba lao lilishuka kutoka kwenye mawe makubwa hadi karibu na ziwa. Pembeni palikuwa na mstari wa mihogo mirefu, iliyozeeka. Huo ulikuwa mstari wa mbegu. Kija aliukata mashina ya kupanda tu. Mizizi yake hakuigusa kamwe. Mama yake alimfundisha hivyo: "Mstari wa mbegu hauchimbwi. Ukiuchimba, umekula kesho."

Na nani kijijini hakupanda mbegu ya Kija? Binti yao Bernadeta alipoolewa ng'ambo ya ghuba, mama wengine walileta sufuria. Kija alimfungia mzigo wa mashina ya mihogo. "Sufuria bila chakula ni ngoma," alisema, watu wakacheka.

Machibya hajapanda baiskeli, mtu akaingia uani na gunia begani. Alikuwa Ngosha, baba mkwe wa Bernadeta.

"Karibu, mkwe. Mwangaluka," Kija akasema, akapiga goti.

Ngosha hakuitikia. Mkwe, hakuitikia salamu! Alimwaga gunia miguuni pa Kija. Ilikuwa mihogo.

"Vunja," akasema.

Kija akavunja mmoja. Ndani ya muhogo mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome la mti. Akavunja wa pili. Hali ile ile.

"Shamba zima liko hivyo," Ngosha akasema. "Tuliiacha ardhini iwe akiba. Tulisema njaa ikija, tutachimba. Njaa imekuja, mkwe. Binti yenu ana mimba. Tumpe nini?"

"Lakini mihogo yangu ni mizima! Tazama!" Kija akavunja ule wa sokoni. Ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Basi mlijiwekea mizuri, mkatupa mibaya." Ngosha akainamisha kichwa. Sauti ikashuka. "Kwangu watu wameanza kusema. Eti msichana kaja na mkosi. Nimewanyamazisha mara moja. Sijui kama mara ya pili wataninyamazia."

Kija alichukua jembe, akaenda shambani, moja kwa moja kwenye mstari wa mbegu.

"Mama Bernadeta!" Machibya akapiga kelele. "Mstari huo hauchim…"

"Nyamaza."

Akachimba. Shina la kwanza, mizizi imeoza. La pili, imeoza. Juu majani ya kijani yalikuwa yakicheza na upepo wa ziwa. Chini palikuwa kaburi. Kija akaketi juu ya udongo. Machibya akachuchumaa kando yake.

Hapo Kija akakumbuka. Kija hasahau. Anawakumbuka waliokuja na dawa ya pamba, wakaacha makopo matupu. Anawakumbuka waliosimika kibao cha mradi. Mradi ulikufa, kibao kipo, mbuzi wanajikunia. Na aliwakumbuka wale wa majani. Walikuja na gari jeupe kutoka kituo cha utafiti wa mimea. Walichuma majani kwenye mstari huu huu na kwenye mashamba ya jirani, wakayatia kwenye bahasha. Dada mmoja wa Kihaya, Prudencia, alikunywa uji wake na kusema: "Majibu tutaleta, mama."

Mvua zilikuja, zikapita, zikaja tena. Majibu hayakuja.

Kija akafunga mihogo mibovu kwenye kitenge, akashika njia.

Kituo kile ni cha vyuo vikuu kadhaa, vya hapa nchini na vya nje. Wanasayansi wao wanachunguza mimea na kilimo kwa pamoja. Getini mlinzi alimzuia.

"Mama, mihogo inauzwa sokoni."

"Hii haiuzwi. Hii inashtaki. Niitie Prudencia."

Prudencia akaja, koti jeupe mwilini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Majibu yangu yako wapi?"

Kija akafungua kitenge. Prudencia alitazama ile mihogo, akamketisha kwenye benchi.

"Mama, huu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unaletwa na kirusi. Ni kidudu kidogo mno, jicho halikioni. Kinakaa ndani ya mmea mzima, pamoja na shina. Ukikata shina lenye ugonjwa ukalipanda, umepanda na ugonjwa."

"Lakini majani yangu ni ya kijani!"

"Ya juu. Tazama ya chini, yale yaliyokomaa. Utaona umanjano kando ya mishipa ya jani. Watu wengi hudhani ni uzee. Tena wapo nzi weupe, wadogo sana. Wanakaa chini ya jani na kuhamisha kirusi kutoka mmea hadi mmea."

"Na mihogo yangu ya sokoni? Mbona mizima?"

"Unaichimba ingali michanga. Mara nyingi mizizi huoza baadaye, ikikaa ardhini. Binti yako aliiacha ikae."

Kija akaziba mdomo kwa kiganja. Aliziona nyumba zote alizogawa mbegu. Aliuona mzigo wa harusi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempelekea mwanangu njaa."

"Hukujua, mama."

"Mimi sikujua. Na ninyi? Yale majani?"

Prudencia akatazama chini. "Yalikuwa na ugonjwa. Tulijua."

"Mlijua!"

"Tuliandika kwa Kiingereza, tukawapelekea wenzetu wa vyuo vingine. Kisha mradi ukaisha, gari likachukuliwa."

"Gari?" Kija akasimama. "Mimi nimekuja kwa miguu! Mtu wa mbali alisoma habari za shamba langu, mimi mwenye shamba nikaendelea kugawa sumu kwa wanangu? Dada, uji wangu uliunywa!"

Mlinzi aligeuza uso. Prudencia alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Una haki, mama. Nifanye nini?"

"Utayasema hayo mbele ya mkwe wangu. Kwa Kiswahili."

Kesho yake walivuka ghuba pamoja. Watu walijaa uani kwa Ngosha. Prudencia alieleza kila kitu, na kosa la kituo hakulificha. "Bernadeta hana mkosi," alisema. "Mwenye deni hapa ni sisi."

"Na tuliyokwisha kula?" mzee mmoja akauliza. "Tutavimba?"

"Hapana, baba. Kirusi hiki hakimdhuru mtu. Kata palipooza, tupa. Palipo peupe ni chakula. Ila msiiache tena ardhini. Chimbeni sasa, mkaushe."

Mihogo ya Kija haikwenda Mkuyuni msimu ule. Machibya aliizungusha ghuba hadi ghalani kwa Bernadeta, baiskeli ikilia njia nzima.

Kisha Kija aling'oa shamba lake, akaanza na mstari wa mbegu. Machibya alitaka kutupa mashina mpakani.

"Yatachipua hapo," Kija akamkatiza. "Kausha, choma."

Alipita kila nyumba aliyoigawia mbegu. Wengine walimcheka. "Zawadi yako sasa tuichome?"

"Ichomeni. Nisengenyeni mkitaka, lakini shamba ling'oeni."

Waling'oa. Kituo kilileta mashina safi, ya aina inayostahimili ugonjwa. Walipanda wote kwa pamoja, ili shamba la mmoja lisiambukize la mwingine. Kila mwenye kuona umanjano kwenye majani ya chini aling'oa mmea ule mapema.

Kija ana mstari mpya wa mbegu. Huu unachimbwa. Kabla ya kugawa mashina, huchimba mimea kadhaa ya mstari, akaivunja mihogo mbele ya anayeomba. Pakionekana kahawia, hagawi.

Siku ya kuvuna Ngosha alikuja, na Bernadeta nyuma yake, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mkwe!" Ngosha akaanza yeye, tangu njiani.

"Mwangaluka! Vunja."

Ngosha akavunja muhogo. Mweupe. Akatafuna mbichi palepale, akacheka.

Mara gari jeupe likasimama barabarani. Vijana wakashuka na bahasha zao. Kija akawazuia njiani, jembe mkononi.

"Majibu ya mwanzo kwanza."

"Tumeyaleta, mama," Prudencia akasema nyuma yao.

Wanakijiji wakaitwa. Prudencia akasoma majibu kwa Kiswahili, shamba kwa shamba. Machibya akatafsiri kwa Kisukuma, akiongeza na ya kwake. Alipomaliza, Kija akashusha jembe.

"Haya, chumeni. Lakini atakayerudi na majibu ni nani? Asimame nimwone uso."

Vijana wakatazamana. Kisha mmoja akasimama.

Kija akamtazama usoni. Akamletea uji.