Mapigo Yaliyogoma Kuja

Taka-taka-taka… kimya… taka!

Cheche, kijana mchomelea mageti, aliisikia cherehani hiyo kabla hajamwona anayeikanyaga. Alipenya umati wa soko, akamkuta binti mwenye gauni la kijani, futi ya kupimia shingoni, kiganja kifuani.

"Dada, cherehani yako ina kwikwi."

"Cherehani ni nzima, kaka. Mwenye kwikwi ni moyo wangu. Na kama umekuja kuchomelea, anza na hilo domo lako."

Cheche akacheka, na kicheko kikamponza. Haukupita muda akawa anamwita Sindano, naye anaitikia.

Lakini ile kwikwi haikuwa mzaha. Moyo wa Sindano ulipiga kabla ya zamu, ukasita, ukapiga tena kwa kishindo, kutwa kucha, hadi msuli wake ukaanza kulegea. Vidonge viliutuliza kidogo tu. Cheche akajipa kazi ya kupiga simu kila asubuhi.

"Umemeza, mpenzi?"

"Nimemeza, mume mtarajiwa. Kanywe chai, uniache nishone."

Asubuhi moja simu ilipokelewa kwa sauti kavu.

"Niko hospitali tangu jana. Walipitisha waya kwenye paja hadi moyoni, wachome panapozusha mapigo ya ziada. Wametoka mikono mitupu."

Cheche alifika na ovaroli lake lenye matundu ya moto.

"Unatiwa waya moyoni, mimi nachomelea mageti ya watu! Kwako mimi ni nani, mpita njia?"

"Nilitaka nikwambie nikishapona. Wewe hofu huiwezi."

Daktari aliingia. "Mapigo ya ziada hayakuja. Yasipokuja hatuoni pa kuchoma. Binti, zile dawa za kuyatuliza uliacha siku tulizokwambia?"

Sindano akageukia ukuta.

"Alikuwa ananipigia kila asubuhi, daktari. Nilishamficha habari ya hospitali. Uongo wa pili ukanishinda, nikawa nameza ndipo namjibu."

Hasira ya Cheche ikageuka na kumng'ata mwenyewe. Yeye aliyejua kwamba huwezi kuchomelea ufa usiouona, ndiye aliyeuziba ufa kwa simu zake.

"Tutarudia," daktari alisema, "ila moyo umechoka kuliko mwanzo. Simwahidi mtu."

Dawa zikasimamishwa. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, midomo ya Sindano ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno. Cheche aliweka kiganja kifuani pake. Mapigo yalikuja ovyo, yakikanyagana.

"Yamefurika," alinong'ona.

"Yaache yaje. Safari hii yaonekane." Akamshika mkono. "Niahidi nitaamka."

"Hilo si langu kuahidi, Sindano."

"Basi ahidi lililo lako."

Cheche aliinama karibu naye.

"Kesho nitakupigia kama kawaida, na sitauliza dawa. Nitakuuliza kama utakubali nikuoe, maana mimi nimeshakuoa moyoni. Usipopokea, nitakaa mlangoni pa madaktari na ovaroli langu hili, nikuulize tena na tena. Siondoki, nakuahidi, mpaka nijibiwe."