Bibi wa Nyumba ya Mwisho

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na mama akisharudi kwenye cherehani yake, dada mkubwa alifuta meza kwa kitambaa kikavu, akafungua kompyuta yake kuukuu na kuendelea kutengeneza gemu. Mchana alikuwa fundi simu katika kibanda kidogo karibu na stendi. Jioni alikuwa na mji wake mwenyewe ndani ya skrini, wenye nyumba, kisima na watu waliosema yale tu aliyowaandikia.

Mdogo wake alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Jina hilo hakulipata bure. Aliosha sahani upande mmoja akasahau wa pili, alifagia uwanja akiruka pembe, na vitabu vya hadithi alianza kuvisoma kutoka ukurasa wa mwisho. Mama alizoea kusema kwamba binti yake huyo angeweza hata kulala kwa haraka, kama ingewezekana.

Katika gemu ya dada, mchezaji alikuwa mtoto wa kuchota maji katika mji uliokosa mvua. Ulijichagulia jina, kisha kila siku ukapita nyumba kwa nyumba na ndoo yako. Maji hayakuwatosha watu wote, kwa hiyo ilikubidi uamue nani apate na nani asubiri. Mwisho wa hadithi dada hakumwambia mtu, hata mama.

Jumamosi ile maktaba ya mji ilikuwa na maonyesho ya gemu zilizotengenezwa na vijana. Moja ingechaguliwa na kuwekwa kwenye kompyuta za chumba cha watoto. Dada aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Siku chache kabla ya maonyesho, alimkalisha Chapuchapu mbele ya kompyuta.

"Sitaki unisifu, mdogo wangu," alisema. "Cheza kama mtu asiyenijua. Uniambie ulipokwama, ulipochoka, na kama kuna mtu yeyote humo ndani umempenda."

Chapuchapu alikubali kwa moyo mweupe, na pengine angetimiza ahadi yake kama wenzake wasingekuwa wanaruka kamba nje. Alichota ndoo moja, akaona mtoto wa kwenye skrini anatembea taratibu mno. Tena alikuwa amewaahidi wenzake kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwasimulia mwisho. Akakumbuka kitufe ambacho dada alikitumia kurukia siku inayofuata pale alipotaka kukagua picha tu. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena na tena, hadi mvua ikanyesha na bibi mmoja wa nyumba ya mwisho akamuuliza, "Wewe ni nani, mwanangu?" Kisha yakaja maandishi ya kushukuru. Basi, imekwisha hiyo, akakimbilia kamba.

Jioni dada alipomuuliza, Chapuchapu alisema hakukwama popote. Akatia chumvi kidogo, akasema mwisho ulimgusa sana, karibu alie. Dada alimkumbatia kwa nguvu, na Chapuchapu akajisikia vibaya kwa muda mfupi, kisha akasahau.

Siku ya maonyesho, ukumbi wa maktaba ulijaa meza, nyaya na watoto. Mkutubi, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, alipita asubuhi akicheza gemu moja baada ya nyingine. Alikaa muda mrefu kwenye meza ya dada. Aliponyanyuka alishukuru kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetarajia kitu asikipate.

Baada yake alikaa mtoto mdogo mwenye miwani, aliyejipa jina la Malkia. Alicheza kwa makini. Kila siku ya gemu alibakiza maji kwa ajili ya yule bibi wa nyumba ya mwisho, akakaa kumsikiliza, akamwachia mlango wazi kama alivyoomba. Alipofika mwisho akavua hedifoni na kuziweka mezani polepole.

"Hanikumbuki," alisema. "Nilikwenda kila siku, na ananiuliza mimi ni nani."

Dada aliinama kando ya kiti chake. Akamweleza mtoto yule kwamba haikupaswa kuwa hivyo. Yule bibi alikuwa anapoteza kumbukumbu, lakini mchezaji aliyemtembelea alipaswa kuitwa kwa jina lake, jina pekee lililobaki kichwani mwake. Ni yule aliyempita tu ndiye angeulizwa swali lile. Gemu nzima ilijengwa ili ifike hapo. Kisha dada akamgeukia Chapuchapu, aliyekuja naye maonyeshoni, na kumuuliza yeye aliambiwa nini mwishoni.

"Aliniuliza mimi ni nani," Chapuchapu alijibu. Angalau hilo lilikuwa kweli.

"Na ulikuwa unamtembelea?"

"Ndiyo. Mara nyingine."

Dada akainamia kibodi. Kwa kuamini neno hilo, alianza kukagua sehemu inayohesabu matembezi, akidhani labda gemu haiyahesabu sawasawa. Jasho lilimtoka puani. Kosa halikuwapo hapo na halikuwa na sababu ya kuwapo hapo, na Chapuchapu, aliyesimama nyuma ya kiti, alijua kwamba dada yake anapoteza muda kwa ajili ya uongo wake. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Alitamani umeme ukatike ukumbi mzima, asionekane. Haukukatika.

"Dada, acha kutafuta hapo," alisema hatimaye. "Sikumtembelea hata mara moja. Nilibonyeza kile kitufe chako cha kuruka siku."

Dada hakumkaripia. Aliondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani.

"Kumbe hukumjua kabisa," alisema.

Laiti angempiga kofi, Chapuchapu angelia na mambo yakaisha. Maneno yale yalimwingia na kukaa. Dada akanyanyuka kwenye kiti, akamwambia akae, na acheze kama alivyoombwa tangu mwanzo.

Safari hii Chapuchapu alitembea. Alisikia maji yakichezacheza ndooni. Alijua ni jirani gani hulalamika na yupi hushukuru. Jioni moja ya gemu alibakiwa na ndoo moja na nyumba mbili. Akaipeleka kwa mama mwenye kichanga, na kesho yake akamkuta bibi ameketi kimya, asimlaumu wala nini. Chapuchapu alijisikia mkosaji mbele ya bibi aliyechorwa tu, akashangaa. Akamletea maji, akakaa naye. Bibi akamuuliza anapenda nini, akajibu kuimba, na bibi akaahidi kwamba mengine yote yatamtoka kichwani, lakini hilo na jina la mtoto huyu hayatamtoka. Mtoto wa gemu akaenda kulala. Asubuhi bibi akamuuliza tena anapenda nini.

"Dada, njoo," Chapuchapu aliita. "Ameahidi jana tu. Mchana alinikumbuka vizuri, ila nilipolala na kuamka amesahau kila kitu."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mchezaji alipolala, gemu ilihifadhi maji, nyumba na siku, lakini haikuhifadhi kumbukumbu za bibi. Wachezaji wengine walidhani bibi anasahau kwa sababu ya uzee tu. Dada aliandika mistari michache, akajaribu mara mbili, kisha akamwita yule mtoto mwenye miwani. Mtoto alicheza upya, na baba yake alisimama kumsubiri bila kunung'unika. Mwishoni bibi alisema, "Malkia, umekuja," na mtoto yule akacheka peke yake, mikono mdomoni.

Lakini Mkutubi alikuwa amekwisha kuamua. Gemu ya kijana mwingine ndiyo iliyochaguliwa. Dada alipiga makofi kama wengine, na Chapuchapu hakuweza kumtazama. Alimfuata Mkutubi hadi mlangoni, akamweleza yote, na kwamba kosa ni lake.

Mkutubi alimsikiliza hadi mwisho. Akasema uamuzi hautabadilika, ila gemu iletwe tena katika maonyesho yajayo, naye ataicheza upya.

"Lakini nikwambie jambo moja, binti," aliendelea. "Gemu nyingi nimezimaliza na sikumbuki hata moja ilivyokwisha. Ninazozikumbuka ni zile nilizokaa ndani yake, nikachagua, nikakosea, nikajali. Dada yako alikuomba ukae ndani ya kazi yake. Wewe ukampa sifa badala ya muda wako, na sifa za namna hiyo humdanganya mtu anayekuamini. Ukiombwa kuangalia kazi ya mwenzio, iangalie kweli, au mwambie wazi kwamba huna nafasi."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa, macho chini. Njiani aliomba msamaha, na dada akasema amemsamehe, ingawa alisema kwa sauti ya mtu ambaye bado anaumia.

Nyumbani mama alisimamisha cherehani na kuuliza gemu ilikwendaje, na kama kweli ni nzuri kama Chapuchapu alivyoisifia. Dada akamtazama mdogo wake.

"Sijui bado, mama," Chapuchapu alisema. "Ile siku nilidanganya. Nimefika siku ya tatu tu."

Dada akafungua kompyuta na kumsogezea kiti.