Geji ya Kupandia Kalinzi

Asubuhi ile kama ulipita soko la Mwanga, Kigoma, ulimwona. Dada mrefu, gauni la kitenge cha njano amelifunga fundo pembeni lisiguse tope, mabuti ya mvua miguuni, anambana muuza spea kwa maswali. Marcelina wa Kalinzi hanunui kitu kwa sababu kinang'aa. Alipangiwa geji zenye taa za bluu na nyekundu, akazisukuma kando, akataka ya joto la maji na ya presha ya oili, uso mweusi, namba nyeupe zinazosomeka hata juani.

Leodgar, fundi umeme wa magari mwenye banda lake Buzebazeba, alikuwa amefuata fyuzi tu. Fyuzi akazisahau.

"Samahani dada, hizo geji ni za gari gani?"

"Land Cruiser."

"Na dereva wake yuko wapi?"

Marcelina akamtazama kuanzia ovaroli hadi ndala. "Unaongea naye."

Leodgar akajicheka mwenyewe mpaka muuzaji naye akacheka. Mwanamume anayeweza kujicheka mbele ya mwanamke mzuri ni wa kupewa kazi, na Marcelina akampa.

Gari lenyewe aliliacha marehemu baba yake. Marcelina alilitumia kushusha watu na magunia ya kahawa kutoka Kalinzi, kijiji cha mlimani, hadi Kigoma mjini, na kazi hiyo aliipenda kuliko nyingine yoyote. Mwaka uliopita injini ilichemka mpaka silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda, huku geji ya kiwandani kwenye dashibodi imetulia katikati kama vile hakuna kitu. Baba yake mdogo, Telesphory, akatamka mbele ya ukoo kwamba injini ikiungua tena, gari litauzwa.

Leodgar aliposikia hayo alifunga zile geji kama anayefunga jeraha. Alimkalisha Marcelina kwenye kiti chake, akamwambia ashike usukani na aangalie mbele, kisha akatafuta mahali kwenye nguzo ya kioo cha mbele ambapo jicho lingefika bila kuiacha barabara. Nyaya alizipitisha mbali na joto la ekzosi. Marcelina alibana viungo vingine mwenyewe, na Leodgar alipovikagua hakuona cha kurudia. Akamwambia hivyo. Marcelina akainama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

Jioni walilijaribu gari kwenye barabara tambarare ya Ujiji, ziwa likionekana vipande vipande kati ya nyumba. Mshale wa joto ukatulia themanini na tano. Leodgar akaomba rangi ya kucha, akaweka nukta nyekundu kwenye tisini.

"Ukipita hapa, simama."

Kumpeleka Leodgar mlimani Marcelina hakuthubutu. Kalinzi msichana akionekana na kijana mgeni kiti cha mbele, kabla jua halijazama mama yake ameshapewa hongera ya kupata mkwe. Basi wakalinda heshima, majaribio yakaishia Ujiji, na kosa lao lilianzia hapo.

Simu zikafuata. Leodgar alimwita dereva wangu, Marcelina akamwita fundi wa fyuzi, na vicheko vyao vilimaliza vocha za wote wawili. Lakini kila Marcelina akipanda mlima, mshale uliipita nukta. Marcelina alisimama, abiria wakanuna, wengine wakashuka na kuita bodaboda. Siku moja akapiga simu bila hata salamu.

"Geji yako inanifukuzia abiria."

"Geji ni nzima," alisema Leodgar, kwa kiburi cha fundi aliyeguswa kazi yake. "Labda mguu wako ni mzito, mpenzi."

Kumwambia hivyo mwanamke anayepandisha abiria mlima ule bila kumwamsha mtoto aliyelala ni tusi.

"Usiniite mpenzi," akasema, akakata. Leodgar alipiga tena na tena, hakupokelewa. Nyumbani Marcelina alilia, na hakumficha mama yake sababu.

Ila geji hakuing'oa. Aliisoma kila safari, akajua kwamba kwenye kona za juu mshale hufika tisini na saba, hukaa hapo, kisha hushuka barabara ikilala. Akaiacha ile nukta na kushika hesabu yake mwenyewe.

Siku aliyompandisha Telesphory, mzee akiwa mbele na kofia yake ya safari, abiria wengine nyuma, mshale ulifika tisini na saba ukaendelea. Mia. Mia na nne. Marcelina akaegesha pembeni.

Telesphory akagonga geji ya kiwandani kwa kidole. "Hii iko katikati. Gari ya Mjapani haidanganyi. Twende, nina kikao."

"Baba, hata mwaka jana ilikuwa katikati."

Akafungua boneti. Mkanda wa feni ulikuwa umechanika, umebaki nyuzi. Injini ilikuwa ya moto lakini nzima. Telesphory aliutazama ule mkanda kwa muda, akavua kofia, hakutaja kikao tena.

Marcelina alimpigia mtu mmoja tu. Leodgar alifika kwa pikipiki na mkanda mpya begani, akawasalimia wote, wakaufunga pamoja. Mwisho akamuuliza Marcelina, huku mlimani mshale huwa unafika wapi.

"Tisini na saba."

Leodgar akaufuta wekundu kwa ukucha. "Nilikuwekea nukta ya Ujiji, wewe unapanda Kalinzi. Mguu wako hauna kosa. Mimi ndiye niliyekosea, kwa geji na kwako. Nisamehe."

"Geji nilishaisamehe."

"Na fundi?"

Marcelina alitabasamu, na abiria wote waliona. Leodgar akajifuta mikono, akamgeukia Telesphory.

"Mzee, naomba niwatume wazee wangu kwenu."

"Waje kununua gari?"

"Hapana, Mzee. Waje kumwomba dereva."

Telesphory akavaa kofia yake. "Gari haliuzwi," alisema. "Huyo dereva muulize mwenyewe."

Marcelina alikuwa ameshapanda na kuwasha injini. Akamwangalia Leodgar kupitia dirisha.

"Wazee wako wanaogopa huu mlima?"

"Sana."

"Basi wasihangaike na usafiri. Nitawapandisha mimi."