Tuta la Tatu

Kila Jumamosi, akishafagia zizi na kuteka maji, Benedikta alichukua daftari lake na kwenda shambani kwa bibi yake, Helena, pale Dirma. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kukagua matuta matatu ya viazi vitamu na kuandika alichokiona, kwa kuwa macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu.

Matuta hayo yalikuwa ya jaribio lililoletwa na bwana shamba, Eliakimu. Matuta mawili yalikuwa na mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti. La tatu lilikuwa na mbegu ya Bibi mwenyewe, marando, yaani mashina ya kupandia, aliyoyabeba kapuni kutoka kwao Nambis siku alipoolewa.

"Watu wengi wameziacha mbegu za zamani," alisema Eliakimu. "Nataka tujue kila moja ina nini. Benedikta, andika unachokiona, si unachokipenda."

Jumamosi moja ya Januari, ngurumo ilisikika barabarani. Matrekta mapya ya shamba la ngano yalikuwa yakipita, mekundu, moja nyuma ya jingine. Benedikta aliwaacha ndama aliokuwa akiwachunga kando ya shamba, akakimbia na wenzake kuyatazama. Aliporudi, ndama walikuwa juu ya tuta la tatu. Walikuwa wameng'oa na kula kila rando.

Aliogopa kugombezwa. Akawafukuza, akakata marando ya tuta la pili, akayachomeka kwenye la tatu. Daftarini akaandika: "Tuta la tatu, hali nzuri."

Mwezi Juni wakavuna. Tuta la tatu likatoa vikapu vitatu, sawa kabisa na la pili.

"Bibi, mbegu yako inazaa kama zetu!" alisema Eliakimu kwa furaha. "Kata nzima itapewa marando yake."

Bibi alitabasamu mpaka fizi zikaonekana. Akamenya kiazi kilichochemshwa, akauma, akatafuna polepole. Tabasamu likafifia. Akakiweka kiazi mapajani, akakipapasa kwa kidole gumba. Kisha akageuza uso upande aliokaa mjukuu wake, akatulia hivyo, mpole.

Kama angegombezwa, huenda Benedikta angejitetea. Upole ule ulimshinda.

"Bibi, hivyo si vyako," akasema huku analia. "Ndama walikula vyako vyote. Nilienda kuangalia matrekta. Nikapanda vya tuta la pili."

"Najua, mwanangu. Viazi nilivyopewa na mama yangu ni vikavu, huvimezi bila maziwa." Bibi akamvuta karibu. "Nilikuwa nakusubiri wewe useme." Akakishika tena kile kiazi. "Ila sina vingine. Labda kwa wifi yangu Imakulata kule Nambis, kama bado analima."

Eliakimu alifunga daftari. Akauliza taratibu, "Nambis mtaenda lini?"

Wiki iliyofuata, Bibi na Benedikta walipanda lori hadi Mbulu, wakamalizia kwa miguu. Bibi Imakulata alibakiwa na kipande kimoja tu cha shamba chenye viazi vile, karibu na kijito.

"Shikamoo, Bibi," alisema Benedikta, akaeleza kosa lake mwenyewe, bila kuulizwa.

"Marahaba. Lete kisu, tukate," alijibu Bibi Imakulata.

Benedikta alibeba mzigo wa marando mgongoni njia nzima. Alitengeneza tuta jipya bondeni, pembeni ya matuta mapya ya mbegu za kituo, akalizungushia miiba. Aliyamwagilia yote kila asubuhi kabla ya shule, mpaka mizizi ikashika. Mwezi Septemba jua lilipowaka, mbegu za kituo zilinyauka. Za Bibi zilibaki kijani. Walipovuna, za Bibi zilijaza kikapu kimoja na nusu tu, si vitatu kama za kituo mwezi Juni, na Benedikta akaandika hivyo hivyo.

Eliakimu alisoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hazizai sana," alisema Benedikta kwa unyonge.

"Lakini zinavumilia ukame. Za kituo zinazaa, ila hazivumilii. Tutachukua chavua, ule unga wa ndani ya ua, kutoka aina moja tuupake kwenye ua la aina nyingine, tupande mbegu zitakazotoka, kisha tuchague miche yenye sifa zote mbili. Ni kazi ya miaka. Mbegu ya Bibi ingepotea, tungechanganya nini?"

Akamrudishia daftari, akaongeza, "Kila mtu hukosea, Benedikta. Ila kosa likifichwa, huwadanganya hata wasiokujua, wakapanda kisichowafaa. Ulilisema, ukalifanyia kazi. Kwa hiyo msimu ujao daftari ni lako tena."

Bibi alicheka, akampapasa mjukuu wake kichwani.