Marehemu Mwenye Tiketi

Gari aina ya Premio, la kijivu, lilikata kona bila kuwasha taa ya ishara, likamkosa muuza magazeti kwa unywele, likateremka kutoka Old Kampala kwa kasi.

Mita arobaini nyuma yake ilifuata pikipiki, Bajaj Boxer.

Aliyeiendesha hakuwa bodaboda. Alikuwa Kapteni Aciro, mwanamke wa idara ya ujasusi, na chini ya jaketi lake lililopauka kulikuwa na bastola, Glock 19 yenye risasi kumi na tano. Nyuma yake alikaa Julienne, mjane kutoka Kivu, ng'ambo ya mpaka, ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

"Una hakika ni yeye?" Aciro aliuliza.

"Ni yeye, dada. Hata akivaa suti."

Redio ya Motorola ilikwaruza. Alikuwa Kanali Ogwal, mkuu wa Aciro.

"Kanga Mbili, uko wapi?"

"Nyuma yake. Anaelekea Kisugu."

"Usimguse njiani. Akupeleke kwa wenzake. Na namtaka hai. Umesikia? Hai."

Aciro aliongeza mwendo.

Tangu vita virudi Kivu, watu walivuka mpaka usiku na mchana. Dirisha la kusajili wakimbizi lililozoea watu mia kwa siku sasa lilikuwa na elfu, na watoto wamelala juu ya mabegi. Katika msongamano ule Guerschom, kamanda wa wanamgambo, aliona mwanya. Alichukua majina ya watu aliowaua, akayaandikisha upya, akabandika picha yake na za vijana wake wanne.

Leo saa nane mchana walikuwa wapande ndege kama wakimbizi. Huko waendako waliishi mashahidi tisa waliokimbia ili waje waseme mahakamani alichofanya Guerschom.

Guerschom akitua huko, mashahidi hao wasingefika mahakamani.

Karani wa usajili aitwaye Ojera ndiye aliyewashtukia kwanza. Kabla hajamaliza ripoti yake alipigwa risasi mbili mbele ya lango lake, mtaa wa Bukoto, mfuko wa maziwa mkononi.

Ojera alikuwa kaka yake Aciro. Tumbo moja.

Kisha juzi Julienne akafika dirishani kufungua faili. Kompyuta ikamwambia mumewe, Hippolyte, yu hai na ameshachukua karatasi za safari. Julienne akapiga yowe hadi askari wakaja. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika Hippolyte kwa mikono yake.

Yowe lile lilimfikia Aciro.

Premio ikaingia geti la bluu, Kisugu. Aciro alizima pikipiki.

"Ochan?" alimwita redioni kiongozi wa kikosi chake.

"Ndiyo kwanza tumefika nyuma ya ukuta, afande. Tuko saba."

"Ingieni."

Bomu la kishindo lilipasua dirisha. Mlango ukaanguka. Vijana wanne walilala kifudifudi kabla moshi haujatulia, pasipoti zao zimetawanyika sakafuni.

Guerschom peke yake alibaki amesimama, mikono juu, tai shingoni, uso wa mtu mpole.

"Musinipige. Mie mukimbizi tu. Jina yangu Hippolyte."

Aciro alimwelekezea Glock katikati ya macho. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio.

"Una bibi?"

"Niko naye. Julienne."

"Yuko wapi?"

"Alibaki kambini, afande. Anagonjwa."

Aciro alisogea pembeni. Julienne akaingia, akasimama mbele ya yule mtu, karibu kabisa.

Guerschom alimtazama. Akamtazama Aciro.

"Na huyu mama ni nani?"

 

"Mie njo Julienne," alisema mjane. "Siku ile nilikuwa ndani ya mihogo. Wewe hukuniona. Mie nilikuona."

Upole ukamtoka Guerschom usoni. Mkono wake wa kulia ukashuka ghafla, ukazama kiunoni, ukaibuka na bastola.

Glock ililia mara moja.

Bastola iliruka pamoja na kidole gumba. Guerschom alianguka kwa magoti, akiushika mkono, akimwita Mungu.

Aciro alimkanyaga bega, akaweka mtutu wa moto kwenye shavu lake. Ngozi iliungua. Hakuuondoa.

"Bukoto. Karani mwenye mfuko wa maziwa. Nani alimpiga?"

"Mie! Ni mie! Niue basi!"

Alisema kama anayeomba; kufa kulikuwa afadhali kuliko mahakama. Mahakamani mashahidi tisa walikuwa wanamngoja, na sasa wa kumi, Julienne, alisimama mbele yake.

"Kanga Mbili!" Redio ilipiga kelele. "Yuko hai?"

Aciro aliondoa kidole kwenye kifyatulio.

"Hai," alisema. "Ila atasaini kwa mkono wa kushoto."

Akarudisha Glock kiunoni, akatoka uani. Jua la saa tano lilikuwa kali. Julienne alimfuata hadi getini.

"Dada, moyo wako umepoa sasa?"

"Bado."

Aciro alifunga zipu ya jaketi, akaiacha pikipiki pale pale, akashuka kilima kwa miguu kuelekea barabara ya Gaba, bila kugeuka.